Kadi iliyomo ndani ya bahasha

Chikongola, Mtwara
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salaam nyingi kutoka huku kuchele. Barua yako nimeipata kwa kijana wa Hiace yako, pamoja na ile mizizi ya ming'oko. Haikulala, tuliichemsha usiku uleule. Mungu akuzidishie.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, ile kadi ya mabasi ya mwendokasi ya Dar inatumikaje, kwa kuwa mwezi ujao unampeleka mama kliniki Muhimbili. Pili, je, siku moja kadi kama ile ikifungwa kwenye gari lako la Lindi na Mtwara, utapumzika na ugomvi wa hesabu? La kwanza ni jepesi. La pili limekaa kichwani mwangu siku tatu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kadi yenyewe hii hapa, nimeikunjia ndani ya karatasi ya pili. Nilipokuwa namuuguza dada nilikuwa nalala Kimara, na asubuhi nashuka Fire, kisha natembea mpaka hospitali. Ukifika kituoni usitafute konda, hayupo. Unalipa kabla ya kupanda: unaisogeza kadi kwenye kisomeo, unasikia mlio, unapita, basi likija unapanda. Salio likipungua unaongeza kwa wakala au kwa simu, kama unavyonunua umeme wa luku. Niliweka shilingi 10,000, nikasafiri mara tisa kwa 750, kwa hiyo humo ndani mna 3,250. Zitumie zote, usinirudishie.

Jambo moja uliangalie sana. Siku ya pili niliiweka kadi kwenye pochi pamoja na kadi yangu ya benki, nikaigusisha pochi nzima kama nilivyoona wenzangu wanafanya. Kimya. Nikagusisha tena, kimya. Nyuma yangu foleni imeshafika kwenye ngazi, mtu na mzigo wake kichwani, mwanafunzi anachungulia saa, na mimi jasho linanitoka. Mama mmoja mtu mzima akanishika mkono akasema, "Itoe nje, mwanangu, iwe peke yake." Nikaitoa, ikalia palepale.

Jioni nikamuuliza mtoto wa dada, yule anayesomea umeme. Akaishika kadi mbele ya balbu akanieleza. Kadi haina betri. Ndani yake kuna waya mwembamba uliozungushwa kandokando mara kadhaa, na kidude kimoja kidogo cha kompyuta, hakizidi sana punje ya ufuta. Kisomeo kinatoa mawimbi muda wote. Kadi ikisogea karibu, waya ule unayadaka mawimbi, unapata umeme kidogo wa kukiamsha kidude, nacho kinajibu namba yake na hesabu yake. Ndiyo sababu lazima isogee kama vidole viwili hivi. Ukiinyanyua mbali, hailishwi. Na kadi mbili zikiwa pamoja zinajibu kwa wakati mmoja, kisomeo hakijui kimsikilize nani. Akaniambia pia kwamba kuna kadi ambazo pesa yenyewe imeandikwa humo kwenye kidude, hivyo hata mtandao ukikatika abiria anapita, na hesabu zinapelekwa baadaye. Hong Kong wanatumia ya namna hiyo tangu 1997. Hilo nililishika kwa ajili yako, maana naijua mitandao ya porini kati ya Mikindani na Mnazi Mmoja ya Lindi.

Sasa nikwambie kilichonifurahisha. Nilimaliza wiki nzima sijasikia neno chenji. Sikujua kama neno lile lilikuwa linanichosha kiasi kile mpaka lilipokosekana.

Nimerudi Mtwara Jumatano. Alhamisi napanda daladala kwenda Mikindani, nina noti ya 2,000. Konda anayo yale matita yake ya noti zilizokunjwa kwa urefu katikati ya vidole, sarafu anazichezesha kiganjani. Akachukua yangu, akachukua ya kaka aliyekaa mbele yangu, akachukua ya binti wa dirishani, kisha akampa yule kaka noti moja: "Mtagawana hapo." Sisi watatu hatujuani. Binti anashuka njiani na hana sarafu, kaka hana ndogo, mimi nawahi. Tukashuka wote watatu mahali ambapo wawili hatukuwa tunashuka, tukaenda kwenye genge kutafuta wa kutuvunjia. Muuza genge naye akasema hana mpaka tununue kitu. Nikanunua nyanya nisizozihitaji. Nikiwa nimesimama pale na mfuko wa nyanya nikaiwaza kadi, nikakuwaza na wewe.

Kwa hiyo kwa abiria, naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini wewe hukuniuliza kama abiria, umeniuliza kama tajiri mwenye gari. Hapo nakuomba unisikilize vizuri, maana nakupenda na sitaki upoteze pesa.

Vijana wako umewapa gari kwa hesabu. Jioni wanakuletea kiasi mlichokubaliana, wanajaza mafuta, na kinachobaki ndicho mkate wao. Wakikosa abiria, wanalala njaa, wakipata, wanakula. Mshahara hawana. Kadi ikiingia, kila shilingi ya abiria inakwenda moja kwa moja kwako na wewe unaiona kwenye simu. Ni jambo jema kwako. Lakini konda atakula nini siku ile? Pesa ya kupandisha mizigo juu, ya mpiga debe stendi, ya pancha, ya chai ya dereva saa nne, zote leo zinatoka kwenye yale matita ya vidoleni, na hakuna anayeziandika. Ukiyaondoa matita bila kuweka kitu mahali pake, vijana watakwambia mashine ni mbovu. Kila siku itakuwa mbovu.

Wala sikutishi. Shemeji yangu aliishi Nairobi miaka ile, na aliyaona kwa macho. Aprili 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya matatu iliyoitwa BebaPay. Serikali yao ikasema kuanzia tarehe 1 Julai 2014 matatu ziache kupokea noti. Tarehe ikafika, watu wakaendelea kutoa noti kama jana yake, na Machi 2015 BebaPay ikafungwa. Shemeji anasema kadi ilifanya kazi vizuri, visomeo vilikuwepo, ila makonda hawakutaka kuvitoa, na ukiangalia maisha yao utaelewa kwa nini. Kigali kadi ilishika, lakini wao walianza kuyaweka mabasi ya mjini chini ya kampuni chache mwaka 2013, ndipo kadi ya Tap&Go ikafuata. Hata Dar, mwendokasi ulipoanza Mei 2016 uliwekewa njia yake na vituo vyake, nauli inalipwa nje ya basi. Konda hakunyang'anywa kitu mle, kwa sababu tangu mwanzo hakuwamo.

Halafu kuna hili la njia yetu. Kimara mpaka Kivukoni nilikuta nauli ni moja, mtu ashuke wapi, ashuke wapi. Gari lako linatembea zaidi ya kilomita 100, na abiria anasimamisha popote: huyu anapanda na ndoo ya samaki, yule na gunia la korosho, mwingine anashuka shambani mahali pasipo na jina. Bei ya gunia inapangwa pale pale mlangoni kwa maneno na kucheka. Kisomeo kingetaka mtu agusishe akipanda na agusishe tena akishuka ili kijue ametoka wapi, na gunia nalo lingehitaji namna yake.

Na kuna bibi yule wa Mikindani ninayekutana naye sokoni. Juzi alikuwa na 300 tu, konda akamwambia, "Panda bibi, utanilipa siku nyingine." Ikija kadi, nataka neno lile libaki na mwenye kulisema.

Ushauri wangu ni huu. Kabla ya kuwaza kadi, kaeni chini, wewe, dereva na konda, muache hesabu ya kukadiria. Wape mshahara wa mwezi unaojulikana, na juu yake sehemu ya kinachozidi, ili siku ya abiria wengi nao wafurahi. Daftari moja liwe ndani ya gari: kila safari idadi ya vichwa, mizigo, mafuta, na hayo matumizi madogomadogo yote bila aibu. Fanyeni miezi mitatu. Mkiaminiana kwa daftari, kadi ikifika hapa kwetu itawakuta mko tayari, na konda wako ndiye atakayewafundisha abiria kuigusisha. Na kama inawezekana, mwanze na wanafunzi. Nauli yao ni ndogo na inajulikana, na wao ndio wanaoachwa kituoni asubuhi kwa kuwa konda anahesabu hasara.

Mama asipande mwendokasi saa moja asubuhi, atasongwa. Subirini saa nne. Ukifika Mbagala nipigie, nimwambie mtoto wa dada awapokee. Kadi iweke mfuko wa peke yake, mbali na ya benki. Namba iliyoandikwa nyuma yake nimeinakili kwenye daftari langu la kikoba, ikipotea niulize.

Msalimie mama, mwambie dawa ya magoti niliyomwahidi nimeipata.

Ni mimi shoga yako