Kiharusi si presha peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka 18 bila kukuandikia hata mstari, lakini ile taarifa yenu ya kiharusi imenishinda. Mmeandika tu vijana wapunguze chumvi, wapime presha, basi. Mwanangu ana miaka 29, hana presha, hana sukari, anacheza mpira kila Jumapili. Kiharusi kimempata.

Alikwenda kunyoa. Kinyozi akamalizia na masaji, akamshika kidevu na kisogo, akaizungusha shingo mpaka ikalia ko! Usiku ule shingo ikaanza kumuuma upande mmoja. Siku tatu akawa anameza dawa za maumivu tu. Ya nne akaamka nyumba inamzunguka, anatapika, ulimi mzito, kikombe kinamponyoka. Zahanati wakampima presha, wakaikuta sawa, wakampa dawa ya malaria. Hospitali nako kipimo cha kwanza cha kichwa kikatoka safi. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeuliza, "Shingo ilianza kuuma lini?" Akaagiza kipimo cha mishipa ya shingo, ndipo ukaonekana mmoja wa nyuma umechanika kwa ndani. Mishipa mikubwa ya kupeleka damu kwenye ubongo ni minne, miwili mbele ya shingo na miwili nyuma, na hii ya nyuma hupita kwenye matundu ya pingili za mifupa ya shingo. Utando wa ndani ukichanika, damu hujipenyeza ukutani mwa mshipa na kuganda. Donge likichomoka huenda kuziba ubongoni. Daktari hakuapa kuwa ni kinyozi, kwani mshipa huweza kuchanika hata wenyewe. Ila alisema hii ni sababu kubwa ya kiharusi kwa walio chini ya miaka 50. Mbona hamkuiandika?

Na ndugu nao! Asubuhi ile shangazi yake alituzuia uani, eti katupiwa kitu, apelekwe kwa mganga. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, sisi tunabishana na gari limewashwa.

Chapeni mchoro wa mishipa hiyo minne, ukurasa mzima, siku ya Ijumaa, ukatwe na kubandikwa kando ya kioo cha kila saluni. Chini muandike: mabega yakandwe, shingo isizungushwe. Na maumivu mapya ya shingo yakija na kizunguzungu au kope moja kulegea, hospitali siku hiyohiyo. Nitanunua nakala 10 nizigawe mwenyewe mtaani kwetu.

Mama wa mgonjwa,
Mbagala, Dar es Salaam