Shoga, kile kiwanja nyuma ya kwenu

Shoga yangu, salamaleko, hujambo na wanao? Sisi hatujambo, wazee wazima, kuku tu ndio washaibwa tena. Tumenyamaziana tangu kabla ya Ramadhani, utanitukana baadaye, saa hii nina shida na wewe.

Kile kiwanja nyuma ya kwenu watu wa stima wanataka kuweka substesheni. Si transfoma ya kwenye mlingoti, ni kituo kizima, stima inaingia kilovolti 33 inatoka 11, transfoma mbili. Bango la kubadilisha matumizi ya ardhi liko ukutani, ripoti ya mazingira ishafika NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, tangazo lishatoka gazetini na tuna siku 30 za kutoa maoni, zishaanza kukatika hizo.

Sasa mimi stima siikatai, wallahi, na voltiji ya huku waijua, ikifika magharibi feni inazunguka kama inaombwa. Kinachoniuma ni vile tulivyoupoteza mkutano kwa chifu. Kansa! Mwalimu kasimama, kansa, Mama Zuu kasimama, kansa, mpaka mtaalamu wao akatabasamu maana hilo ndilo alilojiandalia. Akasema hiyo sumaku ya nyaya wataalamu wa saratani wa dunia waliiweka kundi la 2B mwaka 2002, yaani huenda inaleta kansa, ushahidi ni mchache, na ukisogea mbali inapungua upesi. Hakudanganya pia. Akakaa, tukanywa soda, tukaondoka. Kelele hakuna aliyeuliza!

Nikaichukua ile ripoti nikaisoma. Kelele wamepima saa tano asubuhi, bodaboda zinapita, welda wa kona anakata vyuma, wakaandika ati transfoma haitaongeza kitu. Itaongeza nini na makelele yote hayo! Kanuni za kelele za 2009 zasema nje kwenye makao ni desibeli 50 mchana, usiku 35, na huo usiku waanza saa mbili na dakika moja jioni. Usiku hawakupima kabisa. Na transfoma hailali shoga. Mdogo wako kanieleza, kile chuma cha ndani sumaku hukinyoosha na kukiachia mara mbili kila mzunguko, stima yetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hivyo kinalia hezi 100, sauti nzito hiyo, ukuta na dirisha haziizuii vizuri, halafu hata kipimo cha kawaida huipunguza sauti ya chini kwa hivyo namba itatoka nzuri na mtu hatalala. Na chumba kilichopakana na ukuta wao ni cha mamako.

Mafuta ya ndani ya transfoma nayo. Ripoti yasema kutakuwa na mfumo wa kuzuia uvujaji, mfumo gani, kimya. Ardhi yetu mawe ya matumbawe, kinachomwagika juu kinashuka, na kisima cha msikiti kiko pale pale. Kwenye barua yetu ya maoni nimeandika tunataka shimo la zege chini ya kila transfoma, linaloshika mafuta yote pamoja na maji ya mvua. Ile gesi ya SF6 ya kwenye swichi, inayopasha dunia joto zaidi ya mara 20,000 kuliko kaboni dioksidi, kilo kwa kilo, nimeitia mstari mmoja tu, nisionekane najua sana.

Lakini kubwa ni kelele, narudia. Wapime usiku, transfoma zisogezwe upande wa barabara, wajenge ukuta mzito au wanunue zile za kelele ndogo. Ni pesa tu, na saa hii bado ni mchoro. Leseni ya NEMA ikishatoka ni rufaa, siku 60, na wakili wa kulipa nani?

Sasa niambie, hati ya nyumba yenu iko kwa jina lako au bado ya marehemu baba? Waweza kutia sahihi kutoka huko? Shemeji bado ana kile kipimo cha kelele cha kazini, na ataniazima kweli au ataanza maneno yake? Maana nikienda na cha simu watanicheka. Mama nimwambie mimi au utamwambia wewe, ukijua akisikia anafunga mizigo anaenda Malindi kwa dadako, na hao wawili…? Barua naituma WhatsApp kesho, isome usiku huo huo, usinifanyie kama ile fomu ya chama.