Vijana wanaouguza nao waulizwe hali

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee vijana ambao wenyewe hawasemi, yaani wale wanaouguza wazazi, bibi na babu zao majumbani wakiwa bado wanafunzi.

Huku Moshi, hasa vijiji vya mlimani, desturi ya Wachaga humwachia mtoto wa kiume wa mwisho kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ya wazazi, na pamoja nacho wazee, huku wakubwa zake wakitafuta maisha Arusha na Dar es Salaam. Mzee akipata kiharusi, ni kijana huyo, au mjukuu wa kike aliyeletwa kukaa na bibi, anayemgeuza usiku asipate vidonda vya mgongo, anayemwogesha, na alfajiri kumnywesha uji na dawa za presha kabla ya kuteremka shuleni. Desemba ndugu wanapopanda kwa ajili ya Krismasi humsifu kuwa ana moyo, nami naona sifa hizo ndizo zinazomfunga mdomo. Aliyekwisha kuitwa mtoto mwema ataanzaje kusema kwamba amechoka, hapati usingizi, na kwamba kuna usiku amewahi kutamani mgonjwa apumzike, kisha akajichukia kwa wazo hilo?

Mimi mwenyewe nilipokuwa kazini nilimwandika utoro, na kumwadhibu, mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye siku alizokosa zilikuja kujulikana kuwa ni siku za kliniki ya mama yake. Alikuwa amenyamaza darasani tangu Januari. Sisi walimu ukimya ule tuliuita nidhamu.

Nchini Uingereza sheria ya mwaka 2014 inazitaka halmashauri zipime mahitaji ya mtoto anayemhudumia ndugu mgonjwa. Kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto, lakini kliniki huandika jina la mgonjwa na shule huandika utoro, basi. Ombi langu ni kwamba muuguzi anayempokea mgonjwa aliyepooza aulize ni nani anayemhudumia nyumbani, na akitajwa mwanafunzi, afisa ustawi wa jamii na mwalimu wa unasihi wajulishwe. Ndugu walioko mijini nao wapange zamu, hata ya siku mbili kwa mwezi, ili kijana alale usiku mzima.

Mwalimu mstaafu,
Moshi