Barua kwa Fundi Hamisi: aliyesingizia breki

Saint-Étienne, 14 Machi

Sahibu yangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, baridi tu ndiyo haijaniacha. Natumaini mama watoto na wanao hawajambo, na yule mdogo ameshapona kikohozi.

Ujumbe wako wa juzi umenichekesha, kisha ukaniudhi. Yaani mtu apakie madafu mpaka baiskeli inapepesuka, ateremke kama anayefukuzwa na nyuki, aanguke, halafu aje barazani kwako apige kelele kwamba fundi hukukaza breki! Na majirani wakamwamini. Basi tulia nikupe kisa cha mji huu ninaoishi, maana fundi mmoja wa huku yalimkuta hayohayo, tena akasemwa nchi nzima.

Kwanza ujue kwamba mji huu ungeupenda. Zamani baiskeli za Ufaransa zilitengenezwa hapa kwa wingi. Ile Hirondelle, maana yake mbayuwayu, ilitoka hapa. Na hapa ndipo alipozaliwa Roger Rivière, mwendesha baiskeli wa mashindano, Februari 1936.

Huyu bwana alianza kung'ara uwanjani, kwenye ile njia ya duara iliyoinuka kingo. Mbio zake zilikuwa za kufukuzana: wawili wanaanzia pande zinazotazamana, kila mmoja anamwinda mwenzake. Baiskeli zenyewe haziwekwi breki kabisa, Hamisi. Gea ni moja, imefungwa. Gurudumu likizunguka, miguu nayo lazima izunguke. Kwa mchezo huo alikuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959.

Halafu kuna rekodi ya saa moja. Unazunguka peke yako kwa dakika 60, mwisho wanapima umefika wapi. Septemba 1957, akiwa na miaka 21, alikwenda uwanja wa Vigorelli mjini Milan akapata kilomita 46 na mita 923. Mwaka uliofuata akarudi palepale. Katikati ya saa akapata pancha! Akabadilisha baiskeli, akaendelea, na bado akamaliza na kilomita 47 na mita 347. Hakuna aliyewahi kufikisha 47 kabla yake. Mimi hapo kwenye pancha huwa nakukumbuka wewe na beseni lako la maji, unatafuta tundu huku mteja amekusimamia kichwani.

Barabarani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwaka 1959 aliingia Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, akiwa timu moja na Mfaransa mwenzake Jacques Anquetil, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Walitegeana wiki tatu nzima, Mhispania Bahamontes akaondoka na ushindi. Anquetil akawa wa tatu, Rivière wa nne.

1960 Anquetil hakuwepo. Njia ilikuwa nyeupe. Siku ya kwenda Lorient, Rivière akachomoka na wenzake watatu, mmoja akiwa Mwitaliano Gastone Nencini, wakafika mbele ya kundi kwa dakika zaidi ya 14. Aliyevaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio, asubuhi ile alikuwa Henry Anglade, Mfaransa, wa timu yake mwenyewe! Akamwacha nyuma, akambeba Mwitaliano. Mimi hilo sijaweza kumsamehe, ingawa najua hakuna aliyeniomba.

Ilipofika tarehe 10 Julai, njia ikitoka Millau kwenda Avignon, Nencini ndiye mwenye njano na Rivière wa pili, dakika 1 na sekunde 38 nyuma yake. Mbele yao yalikuwa yamebaki mashindano ya kila mtu peke yake dhidi ya saa, kilomita 83, na hapo ndipo Rivière alipokuwa mwenyewe. Alichotakiwa ni kutoachwa tu. Lakini Nencini alikuwa hodari wa miteremko kuliko karibu wote, na Rivière akaamua kumng'ang'ania gurudumuni. Wakishuka mlima wa Perjuret, kona moja ikamshinda. Akapita juu ya kingo ya barabara, akatumbukia bondeni. Walimkuta amelala chini hawezi kujiinua, pingili mbili za uti wa mgongo zimevunjika. Alikuwa na miaka 24.

Sasa sikiliza. Alipoulizwa, alisema breki hazikushika. Fundi wa timu, eti, aliacha mafuta kwenye ringi. Hebu fikiria fundi yule, amekesha usiku anafuta kila spoki, kisha anaambiwa amemlemaza kijana wa taifa.

Madaktari wakagundua alikuwa ametumia Palfium, dawa kali ya maumivu, ya jamii ya afyuni. Baadaye alikiri mwenyewe. Inavyoaminika, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, havikuweza kuivuta ile breki. Ringi hazikuwa na neno. Hata rekodi yake ya pili ya saa alikiri kwamba aliiendea na dawa za kuchangamsha mwilini.

Kwa upande mwingine, namwonea huruma. Zama zile dawa hazikupimwa, na wengi walizimeza. Yeye hakupanda tena baiskeli ya mashindano. Alifungua mgahawa hapa mjini akauita Vigorelli, kwa jina la uwanja ule wa Milan, ukafa. Akajaribu gereji, nayo ikafa. Vidonge alivizoea hata baada ya ajali. Saratani ya koo ikamchukua tarehe 1 Aprili 1976, akiwa na miaka 40.

Yule fundi jina lake silijui, na kila ninapomsikia mtu akisimulia kisa hiki anamtaja kama "fundi" tu, kisha anapita.

Kule Perjuret wameweka jiwe la kumbukumbu. Nataka kwenda kabla ya kiangazi kuisha, nikaione ile kona. Nikija likizo nitakuletea raba za breki pea kumi, na yule bwana wa madafu mfungie mpya mbele ya mashahidi.

Wasalaam,
Ndugu yako, Omari