Mashua zisiachwe zioze omena ikifungwa

Mhariri,

Kila mwaka uvuvi wa omena (dagaa) katika Ziwa Victoria hufungwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31. Mashua nyingi hapa Dunga na fuo jirani hulala mchangani vilevile zilivyoburutwa siku ya mwisho, na Agosti ikifika foleni kwa fundi inakuwa ndefu. Wenye yoti kule Ulaya huzitoa majini kabla ya baridi, kwa kuwa maji yakiganda ndani ya injini huipasua. Sisi hatuna barafu, ndiyo maana tunajidanganya kwamba chombo kilichopumzika hakiharibiki.

Injini ndiyo ghali, ishughulikiwe kwanza. Petroli ikikaa miezi kwenye kabureta huacha utando wa gundi unaoziba vijitundu vya jeti. Washa injini ndani ya pipa la maji safi dakika 10, matope na vipande vya gugu maji vitoke kwenye njia za kupoza, kisha chomoa mpira wa petroli uiache izimike yenyewe. Toa plagi, tia kijiko cha chai cha oili ileile unayochanganya na petroli katika kila silinda, vuta kamba polepole mara tano, rudisha plagi.

Usisahau giaboksi. Fungua skrubu ya chini, halafu ya juu. Oili ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi mkosaji ni uzi wa nyavu uliojiviringisha kwenye shafti nyuma ya propela ukaikata sili, yaani mpira wa kuzuia maji. Ondoa uzi, badilisha sili. Oili mpya huingizwa kwa mpira kupitia tundu la chini mpaka itokee juu. Kaza skrubu ya juu kwanza, la sivyo itamwagika ukitoa mpira. Injini isimame wima. Ukiilaza propela ikiwa juu kuliko kichwa cha injini, maji yaliyobaki hurudi silindani.

Mashua ya mbao iwekwe juu ya magogo, omo (mbele) juu kuliko tezi (nyuma), kizibo kitolewe. Maji ya mvua yakituama ndani huozesha mataruma, yaani mbavu za mashua. Ifunike kwa nyasi au turubai lililoinuliwa, hewa ipite.

Kosa linaloniuma zaidi hutokea siku za kurudi ziwani. Jua limekausha mbao, nyufa zimepanuka, na mtu anashindilia pamba hadi isiingie tena. Ubao ukinywa maji huvimba, pamba haina pa kwenda, misumari inang'oka. Kalafati kwa kiasi, kisha izamishe kwenye maji mafupi siku mbili au tatu. Panapovuja baada ya hapo ndipo pa kuziba.

Nao viongozi wa BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo, watenge uwanja wa juu wa kuegeshea. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika lilimeza fuo, na mashua iliyoachwa ukingoni haina usalama.

Fundi wa mashua,
Dunga, Kisumu