Dawa ya kiwele isiuzwe bila kikombe cheusi

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile taarifa yako kuhusu usugu wa dawa, yaani bakteria kutouawa tena na dawa, katika ng'ombe wa maziwa, iliyomtwika mfugaji mzigo wote tangu kichwa cha habari hadi aya ya mwisho. Sikatai kwamba tunakosea. Ninachokataa ni kuandikwa kana kwamba dawa hizo huota zizini.

Mwaka jana ng'ombe wangu mmoja alivimba robo ya nyuma ya kiwele, ikawa ngumu na ya moto, na maziwa yakatoka na mabonge. Nilikwenda kununua dawa nikiwa na sampuli ya maziwa kwenye chupa safi, nikidhani nitaulizwa. Muuzaji hakuitazama; alinipa tyubu tatu za kuingiza kwenye chuchu, akasema zikishindwa nirudi nichukue kali zaidi. Zilishindwa, nikarudi, nikapewa hizo kali, nazo zikashindwa, na katika safari zote hizo hakuna aliyetamka neno maabara wala kuniambia nimwage maziwa yenye mabaki ya dawa kwa siku ngapi. Daktari wa mifugo alipopima hatimaye, alikuta Staphylococcus aureus, bakteria anayejichimbia ndani ya tishu za kiwele na kujificha hata ndani ya seli, kiasi kwamba dawa inayomuua vizuri maabara inaweza kumkosa ndani ya ng'ombe. Kwa hiyo si kila tiba iliyoshindwa ni usugu, jambo ambalo mwandishi wako hakuligusa kabisa. Angekuwa maikoplasma, bakteria wa aina nyingine, penisilini isingefaa tangu mwanzo, kwa sababu hana ukuta wa seli ambao dawa hiyo huushambulia. Na angekuwa E. coli, bakteria wa kwenye kinyesi, ugonjwa ukiwa mwepesi, mara nyingi mwili wa ng'ombe ungemmaliza wenyewe. Vimelea vitatu, majibu matatu, na muuzaji ana rafu moja! Robo ile ilikauka, haitatoa maziwa tena.

Halafu kuna ule ushauri mliouweka pembeni, kwamba maziwa yakichemshwa hayana neno. Kuchemsha huua bakteria, lakini mabaki ya dawa nyingi hustahimili moto huo. Wapo pia wanaoona uchungu kuyamwaga wakampa ndama, na bakteria walio tumboni mwa ndama wakazizoea dawa hizo mapema. Hilo mngeliandika kwa herufi nene.

Pendekezo langu ni dogo. Kila boksi la tyubu za kiwele liuzwe pamoja na kikombe cheusi cha kukamulia michirizi ya kwanza, ambamo mabonge huonekana mapema, na idadi ya siku za kumwaga maziwa ichapishwe kwa herufi kubwa sawa na jina la dawa. Asiyeleta sampuli asipewe boksi la pili. Naye mwandishi wako akipata nafasi, aje alfajiri akamue ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba, kisha aiandike upya taarifa yake, kama teke litamwachia mkono wa kuandikia.

Wako,
Mfugaji wa ng'ombe 6 na chuchu 23