Warudishieni wanafunzi karatasi zao waandike tena

Mhariri,

Kila nikikaa na watu wanaoajiri hapa Mombasa, wa bandarini, wa mahoteli, kilio ni kimoja tu, vijana wa chuo hawajui kuandika, hata barua ya kuomba kazi inawashinda. Mimi nafunza somo la mawasiliano mwaka wa kwanza kwa hivo lawama hii inanifika moja kwa moja, na nataka niseme ninachokiona darasani.

Vijana hawana shida ya maneno. Panda matatu ya Bamburi uwasikize, mtu anakupa kisa mpaka mwafika mjini na hujachoka. Mpe karatasi sasa, anakuwa mtu mwengine kabisa.

Muhula uliopita niliwapa mada ya usafiri, msichana mmoja wa Likoni, kule kunakovukwa kwa feri kuja mjini, akaniletea kurasa mbili za Kizungu, sentensi ya kwanza yasema usafiri ni sekta muhimu sana kwa maendeleo ya nchi yoyote ile, na kutoka hapo mpaka chini yeye mwenyewe humuoni popote. Nikamuita nikamuuliza, mwanangu, wewe asubuhi wavuka vipi? Akaanza kunieleza kwa Kiswahili, vile anatoka na ndoo ya mahamri ya mamake kuyapeleka ng'ambo, geti likifunguliwa watu wote wanateremka kwenda kwa feri mara moja na yeye anaipandisha ndoo kichwani manake akiibeba mkononi watu wataisukuma imwagike. Nikamwambia hiyo ndo insha, kaandike hivo hivo ulivyonambia. Wiki ya pili karudi na ukurasa mmoja na nusu, grama bado yamsumbua lakini ndoo imo, geti limo, na mwisho kaandika kwamba wenye gari wanalipa na wa miguu wanavuka bure, labda ndo maana wa miguu wanaona haya kulalamika. Mimi navuka pale miaka na miaka na sijawahi kuliwaza hilo.

Sasa kilichombadilisha ni nini? Ni kuulizwa, halafu kupewa nafasi ya pili. Basi. Na hiyo nafasi hawa watoto hawajawahi kuipata, tukumbuke wametoka kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ambapo karatasi ya Insha unaandika insha mbili, kila moja isipungue maneno 400, kwa saa moja na dakika 45, ukimaliza unatoa huioni tena. Miaka minne unafanyishwa zoezi la namna hiyo, utajua saa ngapi kwamba kuandika ni kurudia?

Nikirudisha karatasi yenye maksi, mwanafunzi anaangalia namba, anakunja, anatia mkobani. Siku hizi rasimu ya kwanza siitii maksi, naandika maswali mawili tu pembeni, maksi yote iko kwa ile ya pili. Na hii akili mnemba ya kwenye simu inayowatia wenzangu hofu, mtu akijua ataitwa aulizwe ana kwa ana hapa ulikuwa wamaanisha nini, haitamfaa sana.

Lakini kusema kweli siwezi kuwafanyia hivo wote. Darasa langu ni watu 120, kurasa mbili mbili ni kurasa 240, wakiandika tena ni 480, na hiyo ni mada moja na mimi ni mmoja. Nimewaita thelathini hivi, waliobaki nimewatilia tiki tu na inaniuma, manake najua wako wengine na ndoo zao ambao sikuwauliza.

Kwa hivo nawaomba wakuu wa vyuo hapa Pwani, muhula ukifunguliwa hili somo ligawanywe makundi ya watu thelathini, na walimu wa uhandisi na biashara nao wachukue kundi moja moja, kuandika si kazi ya mwalimu wa lugha peke yake. Vyumba vikikosekana mchana tufunze jioni. Kundi la jioni mimi nitalichukua.

Mwalimu wa pati-taimu,
Tudor, Mombasa